Chanuo Lisilonasa Soksi

Trrrr. Kimya kidogo. Trrrr tena.

Hiyo ndiyo sauti ya siku yangu ya kwanza kazini, na hadi leo nikifumba macho naisikia. Ulikuwa ukucha wa dole gumba la Bi Zuwena, unapita juu ya meno ya chanuo jipya kuanzia jino la kwanza hadi la mwisho. Kichwa kakiinamisha upande mmoja, kama mtu anayesikiliza mgonjwa anavyopumua. Mie nimesimama mlangoni na mfuko wangu wa nailoni, nasubiri kukaribishwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hebu nyamaza kwanza, namsikiliza huyu."

Huyo aliyekuwa akisikilizwa ni chanuo. Alipomaliza alilirudisha kwenye pakiti akasema, "Jino la tisa lina kasoro. Apelekewe mwenyewe dukani, achanie mbuzi." Ndipo akaniangalia mie kuanzia kandambili hadi kilemba. Nikawa nasali moyoni asije akanipitishia ukucha na mie.

Wadogo zangu mnaobaki hapo saluni, mmeniomba niandike na nimekubali. Najua neno kustaafu linawachekesha. Wastaafu wana mvi na mkongojo, mie nina miaka thelathini na sita na bado naijua singeli. Lakini vidole vitatu vya mkono wangu wa kulia vimeingia ganzi na havitaki kutoka. Daktari aliniuliza nafanya kazi gani, nikamwambia, akasema miaka kumi na tisa ya kushika chanuo inatosha kwa mkono mmoja. Basi nimestaafu. Nipo Chanika, nafuga kuku. Kuku wana jambo moja zuri, hawasukwi.

Nilianza nikiwa na miaka kumi na saba, nimeishia kidato cha pili. Kwetu tumetoka Lindi, tumepanga Yombo, na ndoto yangu ilikuwa kusoma taarifa ya habari kwenye televisheni. Nilikuwaga nakaa mbele ya kioo na chanuo kama kipaza sauti, natangaza bei ya nyanya. Mama akasema, kwa kuwa chanuo halikutoki mkononi, nenda ukajifunze kazi yake. Ndivyo nilivyofika Buguruni, nyuma ya soko, kwenye saluni ya Bi Zuwena. Yeye ni mwanamke wa pwani hasa. Kwao waliwafunga nywele mabibi harusi tangu bibi yake, na jambo hilo alikuwa akilitaja walau mara moja kwa siku, ili tusisahau tumesimama mbele ya nani.

Mwezi mzima sikuruhusiwa kugusa kichwa cha mtu. Nilikuwa naosha machanuo. Na si kuosha tu. Pale kwenye meza palikuwa na chupa tupu ya soda, kaivalisha soksi ndefu ya nailoni, zile nyepesi wanazovaa wadada wa benki. Kila chanuo, jipya kwa la zamani, lilipitishwa juu ya hiyo soksi kabla halijamkaribia mteja. Likinasa hata uzi mmoja, linatoka kazini siku hiyo hiyo.

"Soksi haina aibu," alikuwa akisema. "Mteja ukimuumiza anasema 'endelea tu dada.' Soksi inakwambia ukweli papo hapo."

Alinifundisha kulisoma chanuo kwa kidole. Machanuo mengi ya bei ya chini yamegandishwa kwa vipande viwili. Katikati ya kila jino panabaki mstari mwembamba, huuoni, lakini ukipitisha kidole unausikia. Mstari ule ni msumeno. Kila ukichana unakereza nywele kidogo kidogo, na baada ya miezi mteja anakuja kulalamika kwamba nywele zake hazirefuki. Zinarefuka vizuri sana, sema zinakatwa na chanuo.

Nilipopewa kichwa cha kwanza, cha msichana aliyefumua rasta, nilianzia juu kwenye shina na kuvuta kwenda chini kwa bidii zote nilizopewa na Mungu. Bi Zuwena akaja akasimama pembeni.

"Somoe."

"Abee, mama."

"Unachana nywele au unalima mihogo?"

Saluni nzima ikacheka, na mteja mwenyewe akacheka huku machozi ya maumivu yanamtoka. Basi akanishika mikono. Anza nchani. Ukishafungua ncha, panda kidogo, fungua, panda tena. Mkono wa kushoto ushike nywele juu ya pale unapochana, ili mvuto uishie mkononi mwako. "Kichwa kisijue kama unafanya kazi," alisema. Hiyo nawaachia kama ilivyo, sijaona namna ya kuisema vizuri zaidi.

Mengine nilijifunza taratibu. Nywele za asili zilizolowa zinataka chanuo la meno mapana, yaliyoachana, yenye vichwa vya mviringo. Chanuo la mkia ni la kuchora njia, si la kufumulia mafundo. Wigi la mawimbi huchanwa kwa vidole tu, na mwenye haraka akakae kwenye foleni ya kinyozi. Wigi lililonyooka linataka brashi laini, likae kwenye kichwa cha sanamu, limebanwa kwa pini, na liwe limekauka. Nywele zikilowa zinavutika kama mpira wa manati, halafu zinakatika. Na wigi lina ubaya wake wa pekee. Kichwani ukiung'oa unywele, Mungu anaweza kuotesha mwingine. Kwenye wavu wa wigi hakuna anayeotesha.

Haya yote nilikuwa nayajua kufikia mwaka wa nne. Nayasema mapema ili msije mkadhani nilikosea kwa kutojua.

Mwaka ule nilijinunulia Kariakoo chanuo langu mwenyewe, la meno ya chuma, linang'aa kama kijiko cha mgeni. Lilikuwa linapita haraka ajabu. Nililipa jina, Mwendokasi. Siku ya kwanza nililipitisha kwenye soksi Bi Zuwena akiwa anaswali. Likanasa. Nikalitazama, nikaitazama soksi, nikasema soksi imezeeka. Likaingia kwenye aproni yangu.

Sasa nimtaje Mwalimu Hilda. Alikuwa anafundisha shule ya msingi huko Temeke, mteja wetu wa miaka mingi, nywele nzito zinazofika mabegani. Alikuwa na tabia ya kushika njia ya nywele zake kwa kidole kila akitaka kusema jambo la maana. Akaja kuugua. Alipoambiwa hospitali kwamba matibabu yatamwondolea nywele, hakusubiri. Alikuja saluni, akakaa kwenye kiti, akamwambia Bi Zuwena, "Nikate zote, uzifunge vizuri. Sitaki kuziokota kwenye mto." Bi Zuwena akakata. Akachukua miezi miwili kuzifunga kwenye wavu mwembamba, fundo kwa fundo, mpaka zikawa wigi. Kwa hiyo wigi la Mwalimu Hilda halikununuliwa popote. Zilikuwa nywele zake mwenyewe.

Matibabu yakaisha, nywele hazijaota. Siku moja ya Jumatatu akaja na lile wigi kwenye mfuko wa kitambaa. Binti yake alikuwa anaolewa, na sendofu ilikuwa Jumamosi ya wiki ileile.

"Lioshe, ulitengeneze," akaniambia. "Mwaka mzima mtoto huyu kaniona na kipara na kilemba, anajikaza hasemi. Siku ya kumuaga nataka amwone mama yake aliyemzoea."

Bi Zuwena alikuwa msibani Bagamoyo. Mie ndiye nilikuwa mkubwa wa saluni kwa siku mbili, na benchi lina wateja sita. Nikaliosha wigi. Nikalibana kwenye sanamu. Halijakauka. Nikasema nitapitisha mara moja tu. Nikatoa Mwendokasi, nikaanzia juu.

Lilichanika kama kanga kuukuu. Si kwa sauti kubwa, lakini kila mtu pale ndani aligeuka. Kwenye chanuo palikuwa na shungi la nywele. Kwenye njia, mbele kabisa, palikuwa na uwazi wa ukubwa wa kisoda, wavu unaonekana.

Neema, tuliyekuwa tunafanya naye kazi, alikuwa wa kwanza kusema. "Shoga, usilie. Chukua rasta nyeusi, bandika pale kwa gundi. Nani ataona? Ukumbini kwenyewe taa za rangi, mara nyekundu, mara kijani."

Sitawadanganya. Nilikata ile rasta. Nikaishikilia pale mahali, nikasogea dirishani kutazama. Rangi ilikaribiana. Kilichonishinda ni kidole cha Mwalimu. Nilikiona kinapanda kwenye njia katikati ya hotuba yake, mbele ya wakwe, kinakutana na nywele za plastiki. Macho ya ukumbi ningeyadanganya. Kidole chake kingeyajua yote.

Nikaweka rasta chini. Nikatandika karatasi nyeupe, nikaanza kuokota. Kwenye chanuo, kwenye beseni, kwenye taulo, kwenye aproni yangu, sakafuni chini ya draya. Wateja wawili waliondoka kwa hasira. Mmoja alibaki akapiga magoti tukaokota naye, na jina lake sikuwahi kulijua.

Bi Zuwena alirudi Jumanne asubuhi. Nilimpa karatasi, nikampa wigi, nikampa na chanuo. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililonitisha. Alilipitisha Mwendokasi kwenye soksi. Uzi ukatoka mrefu.

"Ulijua?"

"Nilijua, mama."

"Basi una afadhali. Ungekuwa hujui ningekuwa na kazi ya kukufundisha upya." Akavua miwani. "Hatugusi sindano mpaka umwambie mwenyewe. Nywele ni zake. Akisema anachukua wigi lake anakwenda nalo kwingine, unampa na unamfungulia mlango."

Nilikwenda Temeke mchana ule. Nilimkuta Mwalimu Hilda uani, anachambua mchele wa shughuli, kilemba cha kitenge kichwani.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, binti. Mbona mikono mitupu? Wigi langu liko wapi?"

"Nimeliharibu, mwalimu."

Mkono wake ukasimama juu ya ungo. "Lote?"

"Hapana. Mahali pamoja. Kama kisoda."

"Wapi?"

"Kwenye njia. Kwa mbele."

Akapandisha kidole mpaka kwenye kilemba, akakishusha. Kuku wake akaja akala punje kama kumi na hakufukuzwa.

"Mwanafunzi akichana daftari," akasema mwishowe, "huwa namuuliza swali moja. Vipande viko wapi?"

"Viko saluni, kwenye karatasi. Nimeokota vyote nilivyoviona."

"Basi nenda ukaunge. Ijumaa asubuhi nitakuja. Ukishindwa, nitavaa kilemba, na binti yangu ataolewa tu, ndoa haifungwi kwa nywele." Akarudi kwenye mchele. "Ila kila atakayeniuliza nitamwambia nani kanivalisha kilemba. Nitawaelekeza na njia ya kufika."

Tulikuwa na siku tatu. Kazi yenyewe ni hii: unachukua unywele mmoja, unaukunja, unauvuta kwa sindano ndogo yenye ndoano kupita tundu la wavu, unaufunga fundo. Halafu mwingine. Wateja wangu wote walihamia kwa Neema, ambaye aliwachana, akawasuka, na bado alikuwa ananiletea chai bila kuulizwa. Jumanne jioni nilikuwa na mafundo kama sitini na nikaanza kujisifu. Bi Zuwena akapitisha vidole.

"Zinavutana hizi, kama majirani wenye kesi ya mpaka. Umezifunga miguu juu."

Unywele una shina na una ncha, na magamba yake yanaelekea upande mmoja. Ukiufunga kinyume unashikana na wenzake kila ukichanwa, na wigi linakuwa fundo moja kubwa. Mie katika kuokota nilikuwa nimezichanganya zote. Akanionyesha namna ya kutambua. Shika unywele katikati kwa dole gumba na kidole cha shahada, usugue taratibu. Utaona unatembea wenyewe, na unakotangulia ndiko lilipo shina. Nikafumua yote sitini. Nikaanza upya Jumatano, kila unywele nausugua kwanza, nauuliza, "Mwenzangu, unakwenda wapi?"

Jumatano hiyohiyo Bi Zuwena akasema, hata ukimaliza, utalichania nini? Chanuo letu la meno mapana lilikuwa zito mno kwa mafundo mapya, na brashi ingeyanasa. Akanituma kwa Babu Nambole, mchongaji wa mtaa wetu Yombo, mzee wa kutoka Newala, mwenye vumbi la mpingo hadi kwenye kope.

"Chanuo!" akasema. "Miaka yote nachonga vinyago vya mashetani. Shetani jino likikaa upande watu wanasifu. Wewe unataka kitu gani?"

"Nataka meno yote yakae sawa, babu. Yaachane, yawe mviringo. Na yasinase soksi."

"Soksi ya nani?"

Nikamwonyesha, maana nilikuja nayo na chupa yake. Akacheka mpaka akakohoa. La kwanza alilichonga kwa masaa machache, likanasa jino la tatu. Likamuuma. Alilichukua kimyakimya, akaanza jingine, akalipiga msasa kila jino pande zote, akalisugua kwa mafuta ya nazi, na Alhamisi jioni akalipitisha kwenye soksi yeye mwenyewe mbele yangu, huku kabana pumzi. Likapita. Akarudia. Likapita. "Mpelekee huyo bibi yako wa pwani," akasema, "mwambie Mmakonde kashinda."

Fundo la mwisho nililifunga Ijumaa, wafagiaji wa soko wakiwa bado barabarani. Mwalimu Hilda aliingia mapema, akakaa. Bi Zuwena akasema, "Chana mbele yake." Nikachana. Nikaanza nchani, mkono wa kushoto umeshika juu, nikapanda kidogo, nikapanda tena. Nilipofika kwenye njia nilihisi kila fundo. Hakuna lililotoka. Tukamvalisha.

Kidole chake kikapanda. "Ni hapa?"

"Sogea kidogo kulia, mwalimu."

"Hapa?"

"Hapohapo."

Akapapasa kwa muda mrefu, kafumba macho. "Pana vifundo."

"Ndiyo. Ni vyangu."

"Ni kama mwandiko wa darasa la pili." Akafumbua macho, akajitazama kwenye kioo, akageuka kushoto, akageuka kulia. "Lakini unasomeka."

Jumamosi nilikwenda ukumbini, kazi yangu ikiwa kulinyoosha wigi kabla hajaingia. Nikabaki nimesimama karibu na kreti za soda. Binti alipofika meza kuu alimkumbatia mama yake, akaingiza uso wote kwenye zile nywele, akalia, na mikono yake ikawa inazishika, inazivuta, haimjali mtu. Mie nilikuwa natazama sakafu chini ya miguu yao. Haukudondoka hata unywele mmoja. Nimepewa sifa nyingi katika kazi hii, na nimesuka maharusi wazuri kuliko yule. Lakini mkiniuliza siku niliyojiona fundi, ni ile, karibu na kreti, na hakuna aliyejua nipo.

Mwaka uliofuata nywele za Mwalimu zikaota, fupi, laini, nyeupe kama pamba. Akaleta wigi. "Mie nimepata zangu. Hili muazimeni anayelihitaji, asitozwe kitu. Na mtu asilichane kwa chuma." Tangu hapo limekwenda kwenye vichwa vingi. Lilipigwa picha ya kitambulisho, lilikwenda ubatizo, mara moja lilipanda basi pale Mbezi Luis hadi Songea kumwona mama mkwe, na likarudi na vumbi na salamu. Kila liliporudi nililiosha na kulichana mie mwenyewe. Na ndoto nikaongeza, maana ndoto hazilipiwi pango: hapa Chanika nataka chumba kimoja chenye mawigi kumi ya kuazimisha, kila moja na chanuo lake la mpingo. Mpaka sasa ninayo mawili. Mawili si haba.

Bi Zuwena ana zaidi ya sabini na bado anasimama. Nilipomuaga alisema, "We mtoto umechoka kabla yangu! Ngoja nikupe kiti." Halafu akanigeuzia mgongo akaanza kupanga machanuo ambayo yalikuwa yamepangwa tayari.

Sasa nimalizie na kazi. Lile wigi la Mwalimu lina mama mpya anayelisubiri, mtamwona Jumanne, ni mpole, atasema "endelea tu dada." Kwa mara ya kwanza atakayelichana si mie, ni mmoja wenu. Siku yangu ya mwisho niliwahi asubuhi kabla yenu. Nikaliosha, nikaliacha likauke kabisa. Nikalichana kwa mkono wa kushoto, polepole, maana wa kulia haunisikilizi. Nikalitazama pale kwenye njia kwa macho, sikupaona nilipopaharibu. Nikapapasa kwa vidole vya kushoto, nikapapata. Basi nikageuza wigi ndani nje, nikatunga uzi mwekundu kwenye sindano, nikashona alama ndogo kuzunguka mafundo yangu, ili atakayelishika ajue mahali pa kupita taratibu. Nikafunga fundo, nikakata uzi kwa meno.